Kivinjari ni mgeni, mbona unamlaza chumbani mwako?

Kuna kijana ninayekutana naye kila mara. Si yule yule, lakini ni wa aina moja. Kipakatalishi chake kimebandikwa stika za Linux mpaka kifuniko hakionekani, na hakosi kunipa sentensi hii: "Mimi natumia Linux, mambo ya virusi niliwaachia watu wa Windows." Halafu anafungua kivinjari. Vichupo thelathini. Kimoja kina barua pepe, kingine benki, kingine filamu ya bure kutoka tovuti ambayo hata jina lake anaona haya kulitaja. Vyote hivyo viko chini ya akaunti ile ile inayohifadhi funguo za seva za wateja wake.

Leo nataka kugombana na huyo kijana. Na kabla hajakasirika, nakiri mapema: kwa miaka mingi kijana huyo nilikuwa mimi.

Wenye haraka, hoja yangu ni hii hapa, muichukue muende zenu. Kuendesha kivinjari kwa akaunti yako ya kawaida, ile yenye kazi zako, funguo zako na picha za watoto wako, ni uzembe. Sizungumzii kukiendesha kama root. Hilo ni wazimu, na hata Chrome hukataa kuanza ukijaribu, mpaka uizimie kinga zake kwa mkono wako mwenyewe. Nazungumzia akaunti YAKO. Kivinjari kinafaa kupewa mtumiaji wake kando, maskini, asiye na mali, asiyeruhusiwa kugusa kitu chochote cha maana. Unix imekuwa na uwezo huo tangu miaka ya 1970 na Linux iliurithi. Ni sisi tu ambao hatuutumii.

Kwani root analinda nini?

Tuanze na imani kubwa ya watu wa Linux: "Nikivamiwa, mvamizi hatakuwa root, kwa hivyo niko salama."

Imani hiyo ina asili yake. Unix ilizaliwa wakati tarakilishi moja ilitumiwa na watu wengi, kila mmoja na kituo chake. Hatari iliyohofiwa ni mtumiaji mmoja kuwaharibia wengine au kuuangusha mfumo mzima. Basi ukajengwa ukuta kati ya mtumiaji na mtumiaji, na ukuta mwingine mkubwa zaidi kati ya watumiaji wote na root. Kwa mashine ya aina hiyo, mpango ule ni mzuri sana.

Sasa tazama tarakilishi yako. Ina watumiaji wangapi? Mmoja. Wewe.

Tuseme mvamizi amepata akaunti yako na hakupata root. Amekosa nini? Hawezi kubadilisha faili za /usr/bin. Pole yake! Lakini anaweza kusoma tasnifu yako, mikataba yako, picha zako, saraka yako ya .ssh na maneno ya siri uliyoyahifadhi. Anaweza kufunga kila faili yako kwa msimbo na kukudai pesa ili akufungulie. Na ule /usr/bin tulioulinda kwa bidii? Ukiharibika, unachukua flashi, unaweka mfumo upya, nusu saa umemaliza. Upo bure mtandaoni. Tasnifu yako haipo popote pengine.

Yaani tumejenga ukuta wa mawe kuzunguka vitu vinavyogawiwa bure, na vya thamani tukaviacha uani.

Si hayo tu. Huyo mvamizi aliyekosa root anaweza kuandika mstari mmoja ndani ya .bashrc yako ili amri ya sudo ianze kupitia kwake kwanza. Kesho asubuhi unaandika sudo, unaweka neno lako la siri kama kawaida, naye amelichukua. Ukuta wa root umeanguka na wewe ndiye uliyefungua lango.

Miaka ile ya Windows XP tuliwacheka sana wenzetu kwa kuendesha kila kitu kama msimamizi wa mfumo. Na kweli ilikuwa makosa. Mwaka 2007 Windows Vista ikaanza kuwauliza wenyewe kabla ya kila jambo zito, tukawacheka tena kwa kubofya "Ndiyo" bila kusoma. Nyani haoni kundule. Kwa mashine ya mtu mmoja, tofauti kati yetu na wao ilikuwa ndogo kuliko tulivyojigamba.

Agosti 2015

Kuna watakaosema hizi ni nadharia za watu wenye woga. Basi nitawapa kisa chenye tarehe.

Tarehe 5 Agosti 2015, mtumiaji mmoja wa Firefox aliwaarifu Mozilla kwamba kuna tangazo la biashara kwenye tovuti ya habari ya Urusi linalotumia mwanya katika kivinjari hicho. Mwanya wenyewe ulipewa namba CVE-2015-4495. Ulihusu kisoma-PDF kilichomo ndani ya Firefox. Tangazo liliweza kupenyeza JavaScript yake mahali ambapo haikustahili kufika, na kutoka hapo likasoma faili zilizo kwenye tarakilishi ya mtu na kuzituma kwa seva iliyoonekana kuwa Ukraine. Siku iliyofuata Mozilla walitoa Firefox 39.0.3 yenye kiraka.

Sasa msikilize vizuri orodha ya faili ambazo tangazo hilo lilizitafuta kwa watu wa Linux. Kwanza /etc/passwd. Halafu, katika kila saraka ya mtumiaji iliyoweza kufikiwa: .bash_history, .mysql_history, .pgsql_history, faili na funguo za .ssh, mipangilio ya Remmina, ya FileZilla na ya Psi+, faili za maandishi zenye "pass" au "access" katika majina yake, na hati zozote za shelli.

Aliyeandika orodha hiyo alikuwa anamtafuta nani? Si bibi anayesoma habari. Alikuwa anatutafuta SISI. Waandishi wa programu, wasimamizi wa seva, watu wenye stika kwenye vipakatalishi.

Angalia pia ambacho hakukihitaji. Hakuhitaji root. Hakuhitaji kuweka programu yoyote kwenye mashine. Hakuhitaji ubofye kitu. Na Mozilla wenyewe walisema kwamba shambulizi hilo haliachi alama yoyote.

Mimi niliisoma taarifa hiyo saa nne usiku, nikiwa nyumbani, chai imepoa mezani. Nilifungua saraka yangu ya nyumbani nikaanza kuipitia ile orodha, moja baada ya nyingine. .bash_history, ninayo. .mysql_history, ninayo, na ndani yake maneno ya siri ya hifadhidata niliyowahi kuyaandika kwenye amri. .ssh, ninayo, na ufunguo mmoja uliofungua seva za wateja wangu wote, bila neno la siri juu yake kwa sababu nilikuwa mvivu. Na faili moja ambayo hata leo naona aibu: pass-wateja.txt.

Je, niliwahi kuliona tangazo lile? Sijui, na hapo ndipo uchungu ulipo. Tovuti za habari nilizitembelea nyingi, matangazo sikuyazuia, na alama hakuna. Mtu aliyeibiwa televisheni anajua ameibiwa. Mimi ilinibidi nifanye kazi kama aliyeibiwa bila kujua kama nimeibiwa.

Nilibadilisha funguo usiku kucha. Saa kumi alfajiri nilikosea kwenye seva ya mteja mmoja nikajifungia nje, ikabidi ningoje kupambazuke nimpigie simu. Aliniuliza, "Kwani kumetokea nini?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo halijanitoka mpaka leo: "Na kwa nini tangazo la gazeti lina uwezo wa kuona ufunguo wa seva yangu?"

Nilikosa jibu. Kwa kweli hakuna jibu. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuupa uwezo huo, isipokuwa kwamba ndivyo tulivyozoea.

Kama usiku ule Firefox yangu ingekuwa inaendeshwa na mtumiaji mwingine, na saraka yangu imefungwa kwa 700, tangazo lile lingesoma /etc/passwd, lingechungulia saraka tupu ya mgeni, na lingeondoka mikono mitupu. Bila kiraka. Bila programu ya kuzuia virusi. Kwa ruhusa za kawaida tu, ambazo zimo ndani ya kila Linux.

Seva tunazilinda, sisi wenyewe je?

Kinachonikera zaidi ni kwamba haya tunayajua. Muulize msimamizi yeyote wa seva kama anaweza kuiacha Apache ihudumie kurasa kama root. Atakutazama kama umerukwa na akili. Apache ina www-data wake, hifadhidata ina mtumiaji wake, Postfix imegawanywa vipande vipande, kila kipande na haki zake chache. OpenSSH ilianza kugawanya haki zake mwaka 2002, ili sehemu inayozungumza na wageni isiwe na nguvu. Kanuni yenyewe iliandikwa na Saltzer na Schroeder mwaka 1975: kila programu ipewe haki zile tu inazozihitaji kwa kazi yake, basi.

Haya, linganisha. Seva ya wavuti hupokea maombi kutoka kwa watu wasiojulikana. Kivinjari hupokea PROGRAMU nzima kutoka kwa watu wasiojulikana, kisha kinaziendesha. Mamia kwa siku. Ipi ni kazi ya hatari zaidi? Na ipi tumeipa mtumiaji wake kando, na ipi tumeiacha ilale kitandani petu?

Kama bado huamini kwamba jambo hili linawezekana kwa watu wa kawaida, toa simu mfukoni. Android ni Linux chini kwa chini, na tangu simu ya kwanza ya Android mwaka 2008, kila programu unayoiweka hupewa namba yake ya mtumiaji. Programu ya tochi ni mtumiaji mmoja, ya benki ni mtumiaji mwingine. Tochi haiwezi kusoma faili za ndani za benki kwa sababu ile ile ambayo www-data hawezi kusoma saraka yako: si zake, na kerneli inamkatalia. Mama mboga sokoni analindwa na mpango huu kila siku na hajawahi kuandika amri hata moja.

Simu ya bei rahisi kabisa inaijua kanuni hii. Kipakatalishi cha fundi wa tarakilishi hakiijui. Hiyo ni fedheha.

Majibu kwa wapinzani

Hoja hizi nimezisikia zote, na nyingine nilizitumia mwenyewe.

1. "Kivinjari kina sandiboksi yake."

Kweli, na usiizime kamwe. Chrome ilianza nayo mwaka 2008. Firefox ilichelewa, kwa watu wa Linux kinga hiyo ilifika rasmi mwaka 2017, yaani miaka miwili BAADA ya lile tangazo. Leo zote mbili ni nzuri. Lakini sandiboksi huzizunguka kurasa, haikizunguki kivinjari chote. Sehemu kuu ya kivinjari iko nje yake, na inafanya kazi kwa haki zako zote. Juni 2019 wavamizi walitumia mianya miwili ya Firefox kwa pamoja, CVE-2019-11707 kuingia na CVE-2019-11708 kutoka nje ya sandiboksi, wakiwalenga wafanyakazi wa Coinbase. Septemba 2023 ukaja mwanya wa libwebp, CVE-2023-4863: picha tu, na Chrome na Firefox zote zilihitaji kiraka kwa haraka. Sandiboksi ni mlango mmoja. Mtumiaji wa kando ni mlango wa pili, uliotengenezwa na fundi mwingine, kwa mbao nyingine.

2. "Mimi natumia Snap" au "mimi natumia Flatpak."

Vizuri, umetangulia wengi. Lakini umewahi kuangalia imeruhusiwa nini? Ubuntu 22.04 ya mwaka 2022 ilikuja na Firefox kama Snap. Kwa kawaida Snap hiyo haigusi faili zilizofichwa za saraka yako, kwa hivyo .ssh imepona. Ila faili zisizofichwa, zile za hati na picha, inaziona. Kwa hivyo pass-wateja.txt ingali mezani. Sigombani na wanaotumia vitu hivi, nagombana na wanaoviamini bila kuvikagua.

Na wanaotuandalia mifumo wana lawama yao. Ubuntu 9.10 ya mwaka 2009 ilikuja na mpango wa AppArmor wa kuibana Firefox, lakini umezimwa. Kufuli imewekwa mlangoni, haikufungwa, ukaambiwa uifunge mwenyewe ukitaka. Wangapi walitaka? Pia mpaka kufikia Ubuntu 21.04, saraka mpya ya nyumbani iliweza kusomwa na kila mtumiaji mwingine wa mashine. Sasa zinafungwa, lakini kama saraka yako ni ya zamani na umekuwa ukiuhuisha mfumo tu, huenda bado iko wazi. Iangalie leo.

3. "Mvamizi atatoka kwa mgeni apande mpaka root."

Inawezekana. Dirty COW ilifichuliwa mwaka 2016 ikiwa imekaa ndani ya kerneli tangu 2007. PwnKit, ile ya pkexec, ilifichuliwa Januari 2022 ikiwa imekuwapo tangu 2009. Kwa hivyo weka viraka, na uviweke mapema hata kama bando linauma. Lakini elewa hesabu yake. Bila mgeni, mvamizi anahitaji mwanya mmoja. Ukiwa na mgeni, anahitaji miwili, na wa pili lazima uwe bado haujazibwa kwenye mashine yako. Tangazo la 2015 halikuwa nao. Kuwapo kwa wezi wenye ngazi si sababu ya kuacha geti wazi.

4. "Barua pepe yangu na benki yangu viko ndani ya kivinjari chenyewe."

Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, na wanaonisifu huisahau. Akaunti ya mgeni inalinda faili zako dhidi ya kivinjari. Haikilindi kivinjari dhidi ya kivinjari. Kama umeingia kwenye barua pepe yako kwa akaunti ile ile unayotazamia filamu za bure, basi kuki zako zimo mle mle na mvamizi atazichukua.

Dawa yake ni kuongeza mtumiaji wa pili. Mmoja wa benki, barua pepe na iTax, asiyetembea kwingine kokote. Mwingine wa kuzurura. Watumiaji ni bure, havitozwi kodi.

5. "Ni usumbufu."

Ndiyo, kwa wiki moja. Utapakua faili ukaitafuta usiione. Utanakili maneno upande mmoja ukajaribu kuyabandika upande wa pili yakagoma. Utanitukana. Wiki ya pili mkono utakuwa umezoea. Linganisha na usiku mmoja wa kubadilisha funguo za kila mteja, ukimaliza na simu ya alfajiri.

Namna ya kufanya

Kelele bila amri ni porojo. Hizi hapa amri. Mahali nilipoandika "wewe", weka jina lako la mtumiaji.

Tengeneza mgeni, kisha ufunge saraka yako:

    sudo adduser mgeni
    chmod 700 /home/wewe
    id mgeni

Amri ya tatu inakuonyesha makundi ya mgeni. Hakikisha hayumo kwenye sudo wala wheel. Na hakikisha hayumo kwenye docker. Wengi hawajui kwamba mtu wa kundi la docker anaweza kuanzisha kontena lenye diski yako nzima ndani yake, kwa hivyo kundi hilo ni root aliyevaa kofia.

Sasa pima. Usiamini, PIMA:

    sudo -u mgeni ls /home/wewe

Jibu likiwa "Permission denied", umefaulu. Likiwa orodha ya faili zako, rudi ukarudie chmod.

Halafu mpe mgeni mahali pa kuachia mizigo:

    sudo groupadd mapokezi
    sudo usermod -aG mapokezi wewe
    sudo usermod -aG mapokezi mgeni
    sudo mkdir /srv/mapokezi
    sudo chgrp mapokezi /srv/mapokezi
    sudo chmod 2770 /srv/mapokezi

Toka kwenye kikao chako uingie tena ili kundi jipya likutambue. Kivinjari cha mgeni kielekeze upakuaji wake huko. Ila onyo: PDF iliyotoka usikokujua isome ukiwa bado mgeni. Ukiileta kwako na kuifungua kwa akaunti yako, umembeba mwizi mgongoni ukampitisha getini.

Kuvinjari kwenyewe kuna njia mbili.

Ya kwanza, ninayoitumia na kuipendekeza: chagua "badilisha mtumiaji" kwenye menyu, ingia kama mgeni katika kikao chake, vinjari. Ukitaka kurudi kazini, bonyeza Ctrl+Alt pamoja na F2 au F3, kutegemea mfumo wako. Vikao viwili, skrini mbili, havionani.

Ya pili ni kukileta kivinjari cha mgeni kwenye skrini yako:

    xhost +SI:localuser:mgeni
    sudo -u mgeni -H firefox

Ni rahisi zaidi, ila ina mambo matatu. Sauti itakusumbua. Firefox ya Snap nayo hugoma kuanzishwa hivi. Na la tatu ndilo kubwa: kama bado unatumia X11, njia hii imevuja. X haimtengi mteja mmoja na mwingine. Dirisha la mgeni linaweza kusikia kila herufi unayobonyeza kwenye dirisha lako, pamoja na neno la siri la sudo. Ukibisha, endesha hii kwenye terminali moja, kisha uandike kitu kwenye nyingine:

    xinput test-xi2 --root

Utaona vibonyezo vyako vikitiririka. Wayland, iliyoanza mwaka 2008, iliziba tundu hilo kwa madirisha yake yenyewe. Na tafadhali, usiwahi kuandika "xhost +" peke yake bila jina. Hapo umefungulia kila mtu.

Neno la mwisho

Walimu mnaofundisha Linux, acheni kuwapa wanafunzi mazoezi yote kwa root, halafu muwaambie "Linux ni salama" kama aya ya kukariri. Usalama wa Linux ni vifaa ulivyopewa. Usipovitumia, huna usalama. Una stika.

Wanaotayarisha mifumo, kivinjari chenye mtumiaji wake kingefaa kuwa ndivyo kinavyokuja, siyo somo la mtu mmoja kwenye tovuti yake. Android iliweza.

Na wewe kijana mwenye kifuniko kisichoonekana, fanya jambo moja tu usiku wa leo. Fungua terminali uandike ls -la kwenye saraka yako ya nyumbani. Soma kila mstari taratibu. Hiyo ndiyo orodha ya vitu ambavyo kivinjari chako kina haki ya kuvifungua, ikiwa kinga zake zitateleza hata mara moja. Jiulize vingapi kati ya hivyo ni vyako peke yako, na vingapi umewekewa amana na watu wengine.

Mteja aliyekukabidhi ufunguo wa seva yake alikukabidhi wewe. Hakukikabidhi kivinjari chako, wala tangazo la gazeti usilolijua.

Haya, kazi kwenu.